Mvumo wa Tumu

Komeo la mlango lilivutwa polepole, likasita, likavutwa tena, kama linavyovutwa na mtu anayeogopa kuiamsha nyumba. Nje bado kulikuwa giza. Bi Kazija alikuwa macho, ameketi kitandani na ushungi wake, na kuhusu komeo hilo alijua jambo moja tu: liko upande wa nje. Jana, alipokwisha kuingia chumba cha wageni, mkwewe Hiza alimwambia alale salama, kisha akamfungia. Bi Kazija alikaa akijiuliza amekosa nini kabla hata hajafungua furushi lake.

Alingoja mpaka hatua zikaondoka, ndipo akausukuma mlango. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ndoo ndogo ya maji ya moto, imefunikwa sahani ili yasipoe, na juu ya sahani pamewekwa kata safi. Alitawadha, akasali. Alipomaliza alikuwa bado anamshuku mkwewe, ila si kama jana.

Nchi yenyewe inaitwa Makomeo. Anayetaka kujua iko wapi na aulize wengine. Bi Kazija alipita huko kwa haja moja, na barabara haikuwa sehemu ya haja hiyo. Binti yake Mize aliolewa huko, akazaa mtoto mmoja wa kike, akafariki. Mtoto anaitwa Tumu. Hiza alikuwa ametuma ujumbe mfupi: mama, njoo, Tumu anakaribia kupangiwa na hajavuma.

"Kuvuma ndiyo nini?" Bi Kazija aliuliza asubuhi hiyo, wakinywa chai.

Hiza alitazama dirishani kwanza. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye desturi ya kusema nusu ya neno na kuimeza nusu. "Sema taratibu, mama. Na lile komeo, nisamehe. Sheria inasema mgeni afungiwe mpaka jua litoke, asije akasema na mtoto pasipo msikilizaji. Nimelifungua mapema kwa ajili ya sala yako. Usimwambie mtu."

Kisha akamweleza, na maelezo yake yalikuwa hivi.

Makomeo ina shule mbili. Ya kwanza ni Mlango Mmoja, inayofundisha mambo ya nchi yenyewe na si mengine. Ya pili ni Milango Mingi, inayofundisha mambo ya mataifa yote kwa kipimo kilicho sawa. Zamani wazazi walipigania watoto kati ya shule hizo mpaka wakafika kuchomeana maghala. Ndipo akatokea hakimu mmoja, mtu mwenye huruma, akasema: asichague baba wala mwalimu, uchague moyo wa mtoto. Na moyo wa mtoto utajulikanaje? Akasema utajulikana kwa wimbo anaouimba puani wakati mikono yake ina kazi na mwenyewe amejisahau. Wimbo huo wakauita mvumo. Mtoto akikaribia umri wa kuota meno ya ukubwani, kila shule humpeleka msikilizaji wake nyumbani kwao kukaa na kusikiliza. Mvumo ukiwa wa nchi, mtoto ni wa Mlango Mmoja. Ukiwa wa kigeni, ni wa Milango Mingi.

"Na asipovuma?"

"Moyo wake hauna kitu, ndivyo wanavyosema. Haendi kokote. Anakuwa mshika mlango." Hiza alikizungusha kikombe mkononi. "Mama, mfundishe wimbo wa huku. Ule wa Mlango Mmoja. Mwezi ukiandama wanamwita."

Bi Kazija aliweka kikombe chini. Sasa alikuwa amejua kilichomsumbua tangu alipoingia mjini. Aliona wasichana wakiruka kamba, na kilichosikika ni kamba tu ikipiga ardhi, tap, tap, tap. Aliona mvulana akiendesha gurudumu amekaza midomo kama aliyeficha tende. Nchi ile haikuwa imewakataza watoto kuimba. Ilikuwa inawasikiliza mno.

*

Siku hiyohiyo Hiza alimpeleka akazione shule zote mbili, kwa kuwa jamaa wa mtoto wana haki ya kuziona.

Mlango Mmoja ni jengo la mawe lisilo na dirisha. Mlango wake ni mmoja, mzito, na pembeni yake alisimama mtu mzima ameushika kwa mikono miwili, anaufungua mtu akija na kuufunga akipita. Yeye mwenyewe haingii wala hatoki.

"Hujambo, baba," Bi Kazija alimwambia.

Mtu yule alishtuka kwa kusalimiwa. "Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na wewe hukuvuma?"

"Niliogopa kukosea," alisema, akaufungua mlango vizuri ili ushungi wake usinase kwenye bawaba.

Ndani palikuwa na taa na joto. Watoto walikuwa wakitaja majina ya wazee wa nchi, jina baada ya jina, kwa sauti moja nzuri. Msichana mmoja akauliza mzee wa kumi alikuwa akipenda chakula gani. Mwalimu akasema, "Naona upepo unaingia," na msichana akainuka bila kinyongo, akachukua kitambaa akaziba upenyo chini ya mlango. Hiyo ndiyo adhabu ya swali. Lakini mwalimu yuleyule, mtoto wa nyuma alipoingiwa na kibanzi jichoni, aliacha masomo akapiga magoti akampulizia, akamshikilia kichwa mpaka machozi yakakauka. Bi Kazija alilitia hilo moyoni.

Mkuu wao, Mzee Sengu, anaitwa Mshika Ufunguo. Alikuwa na ndevu zilizochanwa vizuri na macho yasiyotulia. "Umekuja kumtembelea mtoto," alisema, "au umetumwa?"

"Nitumwe na nani, baba, na magoti haya?"

"Wanaotumwa wote huwa na magoti mabovu," Mzee Sengu alijibu, na hakuwa anatania.

Milango Mingi ni mwendo mfupi kutoka hapo. Jengo lake lina milango pande zote, kila taifa na mlango wake, na yote ni ya kipimo kimoja. Kila mara linapopatikana taifa jipya hubomolewa ukuta kidogo, na sasa ukuta umekwisha, hata ubao wa kuandikia umelazwa sakafuni. Kengele ikilia watoto huhama mlango. Wanajifunza nyimbo za mataifa yote, ubeti mmojammoja, kwa sababu kuupa wimbo mmoja beti mbili ni kuwadhulumu wengine. Bi Kazija alimwona mvulana ameikumbatia ngoma ndogo, akiipapasa. Mwalimu alimwondolea kwa upole mkubwa. "Usiipendelee, mwanangu. Nyingine zitajionaje?" Mvua ilipoanza kunyunyiza kupitia ile milango, mwalimu huyohuyo alivua mtandio wake akamfunika mtoto aliyekuwa akitetemeka, yeye akabaki analowa. Hilo nalo Bi Kazija alilitia moyoni.

Mkuu wa huku ni Bi Rehani, Mfungua Milango, mwanamke mchangamfu wa maneno mengi. "Karibu, karibu sana. Ninyi ni taifa gani? Tusije tukakosea kukuwekea mlango."

"Mimi ni mama yake Mize."

"Ndiyo, lakini taifa?" Tabasamu lilikuwa palepale, ila macho yalikuwa yameanza kumpekua kama ya Mzee Sengu.

Njiani Bi Kazija aliyapima aliyoyaona. Kila shule ilikuwa na jambo ambalo angependa mjukuu wake alipate, na kila moja ilimtia baridi.

*

Wasikilizaji walikuja kesho yake, jua lilipotoka. Wa Mlango Mmoja alikuwa Bi Mashavu, mwanamke wa makamo aliyenyooka kama mwiko. Wa Milango Mingi alikuwa Shekue, bwana mnene mwenye haya. Kila mmoja alileta kifuu cha nazi kilichosuguliwa kikang'aa, ambacho huwekwa sikioni kukusanya sauti. Wakaketi jikoni, mmoja kila pembe, vifuu masikioni, wakawa wanatazamana zaidi ya walivyomtazama mtoto.

Tumu alikuwa mdogo kuliko umri wake, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Alijibu akiulizwa. Zaidi ya hapo alikaa kimya kwa namna iliyomuumiza Bi Kazija, maana Mize katika umri huo hakuwa anafunga mdomo hata akila.

"Njoo hapa, mke mwenzangu," Bi Kazija alimwita. "Nani kakuchana hizi nywele? Baba yako?"

"Ndiyo, bibi."

"Amejitahidi. Kaa nizifumue."

Shekue aliondoa kifuu sikioni. "Samahani, mama. Mke mwenza kwa maana gani? Mtoto ana umri gani?"

"Ni utani, bwana. Kwetu mjukuu ni mke mwenza."

"Utani wa taifa gani?"

"Wa bibi na mjukuu," alisema Bi Kazija. Bi Mashavu, upande wa pili, alikunja uso kwa sababu alikuwa karibu kucheka.

Bi Kazija hakumfundisha mtoto wimbo wowote. Hiza alimsihi kwa macho kila alipopita, naye alijifanya haoni. Aliogopa, kusema kweli. Mwezi ulikuwa unakaribia, na kila alipofumba macho alimwona Tumu mtu mzima, mikono miwili juu ya ubao wa mlango, akiwafungulia wengine. Lakini alimtazama mtoto akaona kwamba wimbo wa kufundishwa kwa hofu ungekuwa komeo jingine tu. Basi akafanya alichokuwa anakijua, akapika, na penye kazi akamweka mtoto.

Kulikuwa na mbaazi mbichi kapu zima. Siku ya kwanza wasikilizaji walimwangalia Tumu akizimenya. Siku ya pili Bi Kazija alichoka kuwaona.

"Jikoni kwangu hakai mtu na mikono mitupu," alisema. "Mnataka kusikiliza, sikilizeni. Masikio hayashikwi na mbaazi."

"Tunashika vifuu," Bi Mashavu alijibu.

"Vifuu vinafaa kutilia mbaazi."

Walitazamana. Hakuna sheria iliyokataza kumenya mbaazi. Bi Mashavu alianza kwanza, kwa haraka na kwa ustadi, halafu Shekue, aliyezipasua vibaya zikaruka mpaka chini ya meza. Tumu akazifuata kwa magoti.

"Unazimenya kama unapigana nazo," Bi Mashavu alimwambia Shekue. Lilikuwa neno la kwanza walilosemezana.

"Kwetu mama hakuniruhusu jikoni."

"Alijua thamani ya mbaazi zake."

Mchana mmoja, kapu lilipokuwa limefika chini, Bi Kazija alikuwa anakuna nazi, Hiza amekaa mlangoni anakarabati kiatu cha mtoto, na hakuna aliyekuwa akisema. Ndipo sauti ikatoka, nyembamba, ikipita pengo la meno mawili. Tumu alikuwa ameinamia kifuu cha Bi Mashavu, anapanga mbaazi kubwa upande huu na ndogo upande ule, na alikuwa anavuma.

Mkono wa Bi Kazija ulisimama juu ya mbuzi. Aliujua wimbo ule. Ndio alioubembelezea Mize, na Mize akambembelezea huyu.

Tumu aliinua macho akaona watu wazima wanne wanamtazama, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

*

Baraza hukutana uwanjani, penye fremu ya mlango iliyosimama peke yake bila ukuta. Mtu angeweza kuizunguka, ila hakuna aliyewahi kujaribu. Mtoto husimamishwa ndani ya fremu, Mlango Mmoja wakakaa kulia na Milango Mingi kushoto. Tumu alisimama pale na kiatu chake kilichoshonwa upya, akaambiwa avume. Hakuvuma. Ni nani angevuma?

Wasikilizaji wakaitwa. Bi Mashavu akasema mwanzo wa mvumo ulikuwa wa nchi, kabisa. Shekue akasema katikati ulikuwa wa kigeni, kabisa. Mwisho hakuna aliyeutambua. Basi ukaanza mjadala, na Bi Kazija aliusikiliza kwa makini kwa sababu maisha ya mjukuu wake yalikuwa ndani yake.

"Mtoto ni lazima awe na kwao," alisema Mzee Sengu. "Ninyi mnamlisha kijiko kimoja cha kila chungu. Atashiba lini? Mtoto wenu anajua mwanzo wa nyimbo zote, na akifiwa hana wimbo wa kumaliza."

"Na wako akikutana na jirani atajua kumsalimu?" aliuliza Bi Rehani. "Unamfundisha kwamba nje ya nyumba yake kuna upepo tu. Unamwita salama, kumbe ni mwoga."

"Afadhali mwoga mwenye jina."

"Afadhali asiye na jina kuliko anayewaogopa wenye majina mengine."

Bi Kazija aliona wote wawili wanasema kweli, na hilo ndilo lililomtisha. Watu wanaosema kweli hawana haraka ya kumaliza, na mtoto alikuwa juani. Mshika mlango wa Mlango Mmoja, aliyeletwa kushika fremu ingawa haikuwa na ubao, alisogea hatua moja kivuli chake kikamwangukia Tumu. Hakuna mwingine aliyeona.

Wakamwita yeye. Alipokuwa anainuka Hiza alimnong'oneza, "Sema ni wa huku, mama. Neno moja tu."

"Wimbo huu umetoka wapi?" aliuliza Mzee Sengu.

Neno moja lilikuwa tayari mdomoni. Alimtazama Tumu, na Tumu alikuwa anamtazama yeye, anangoja kujua bibi yake ni mtu wa namna gani.

"Mwanzo nilifundishwa na mama mkwe," alisema. "Nasikia wazee wake walipita huku, sijui. Katikati nilipewa na mwanamke mmoja. Nilipomzaa Mize nilishikwa na homa, maziwa yakakauka. Yule mama alikuwa mpita njia, ana mtoto wake mgongoni. Akamnyonyesha wangu mpaka nikapona, na alikuwa akimwimbia hivyo."

"Taifa gani?" Bi Rehani aliuliza, ameinuka nusu.

"Sikumuuliza. Mimi nilikuwa na homa na mtoto alikuwa na njaa."

"Lakini tutamwekeaje mlango?" Bi Rehani alikuwa na huzuni ya kweli.

"Na mwisho?" aliuliza Mzee Sengu.

"Mwisho ni wa Mize. Aliusahau wa kwangu akatunga wake. Akiwa mdogo hakuwa na subira."

"Basi si wimbo," Mzee Sengu akasema polepole. "Ni viraka."

"Viraka vimemlaza mtoto, baba."

Pande mbili zikainamiana kushauriana. Zilikawia. Watu wakachoka, wakaanza kujipepea. Bi Mashavu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akifumua fundo lililojifunga pindoni mwa mtandio wake, kazi ndogo ya vidole, na akiwa hapo akaanza kuvuma. Hakujua. Upande wa pili Shekue, aliyekuwa akichokonoa udongo kwa kijiti, akamwitikia sehemu ya katikati, kwa sauti nene. Walipofika mwisho wote wawili walipotea, kwa kuwa waliusikia mara moja tu. Ndipo Tumu, ndani ya fremu, akawamalizia.

Uwanja mzima uligeuza vichwa.

"Bi Mashavu," alisema Mzee Sengu, "huo unaouimba ni wimbo wa nani?"

"Mimi sijaimba."

"Umeimba. Na yule bwana amekuitikia."

"Mimi nilikuwa namsikiliza," alisema Shekue.

"Kwa mdomo?" mtu aliuliza nyuma, na kicheko kikatoka, kikakatika mara moja kama cha watu wasiokizoea.

Mzee mmoja akauliza, kwa nia ya kutaka kujua tu, kama sheria inasema mtu ni wa mahali ulipo mvumo wake, basi hawa wawili ni wa wapi.

"Mmemnunua msikilizaji wetu kwa mbaazi," alisema Bi Rehani.

"Ninyi ndio mliomlisha wetu," alijibu Mzee Sengu.

Hukumu ilisomwa kabla ya jua kuchwa. Kwa kuwa Mlango Mmoja hawawezi kumwondoa Bi Mashavu na kumwachia mtoto Shekue, na kwa kuwa Milango Mingi hawawezi kumwondoa Shekue na kumwachia mtoto Bi Mashavu, wote wawili waendelee kukaa jikoni kwa Hiza. Na kwa kuwa si vizuri mtoto akae bure, kila mmoja amfundishe anachokijua, mbele ya mwenzake, akilindwa na mwenzake, mpaka uchunguzi wa wimbo utakapokamilika. Bi Kazija, aliye chanzo cha wimbo, aondoke kesho.

"Uchunguzi huchukua muda gani huku?" alimwuliza Hiza wakirudi, Tumu akiwa katikati yao.

Hiza alitazama pande zote, kisha kwa mara ya kwanza akamaliza sentensi yake bila kuimeza. "Wa daraja la mtoni ulianza kabla sijazaliwa, mama, na unaendelea vizuri."

*

Alfajiri ya mwisho Bi Kazija alikaa kitandani akingoja kusikia komeo likivutwa. Halikuvutwa. Baadaye aliinuka akausukuma mlango, akagundua haukuwa umefungwa. Ndoo ilikuwa pale na sahani yake.

Hakuondoka na moyo mweupe. Nchi ile haikuwa imemhurumia mjukuu wake. Ilikuwa imeshindwa kuaminiana, basi. Nani ajuaye siku wale wawili watakapovirudisha vifuu masikioni? Alimwachia Tumu ungo wake na ushungi wa zamani wa Mize, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Akamwambia Hiza ajifunze kusuka nywele.

Bi Mashavu alimsindikiza mpaka mwisho wa mtaa, kwa sababu sheria inataka mgeni asindikizwe. Alitembea akiwa amenyooka vilevile. Kifuu kilikuwa kwapani, na ndani yake ganda moja la mbaazi lililokauka.

"Nilikuwa nataka kusema," alianza, akakihamishia kifuu kwapa la pili. "Ule mwisho. Mtoto anauimba haraka mno. Sijaushika vizuri."

"Mwambie aurudie."

"Nitamwambia." Walikwenda kidogo. "Uje tena, mama."

Bi Kazija alisimama akamtazama. Alikuwa amekaa Makomeo kiasi cha kutosha kujifunza desturi zao. "Unaniomba kwa kazi yako," aliuliza, "au kwa nafsi yako?"

Bi Mashavu alilifikiria swali hilo kwa uaminifu, kama mtu anayepima chumvi.

"Kwa kazi yangu ningekuomba usirudi kamwe," alisema. "Uje tena."